Maswali ya Wasomaji: Atomi Zinaposongamana

Barua nyingi za safari hii zimeegemea upande mmoja: fizikia ya maada iliyosongamana. Tumezifupisha, na zile zilizouliza jambo moja tumeziunganisha. Majibu ni ya jopo letu la fizikia.

Swali: Je, "fizikia ya maada iliyosongamana" ni jina jipya tu la fizikia ya vitu mango? Na kwa nini tusiseme "maada iliyoganda"? (Mwalimu wa sayansi)

Jibu: Kuganda ni habari ya kiowevu kugeuka kigumu. Maji ya kwenye glasi hayajaganda, lakini yamesongamana, na ndiyo maana yamo ndani ya somo hili. Lita 1 ya maji ikichemka hadi tone la mwisho hutoa mvuke unaojaza takriban lita 1,600. Ndani ya mvuke huo molekuli hugongana na kuachana, kila moja na njia yake, hivyo ukiijua molekuli moja umeshaijua karibu gesi nzima. Ndani ya maji hali ni kama ya abiria kwenye basi lililojaa: hakuna anayesogea bila jirani kusogea. Hesabu ya mmoja mmoja haifai tena.

Kuhusu jina, kweli zamani wengi walisema fizikia ya vitu mango. Mwaka 1967 Philip Anderson na Volker Heine walibadilisha jina la kikundi chao cha nadharia katika Maabara ya Cavendish, Cambridge, ili viowevu navyo viwe na mahali. Chama cha Fizikia cha Marekani kikafanya vivyo hivyo kwa kitengo chake mwaka 1978. Leo chini ya jina hilo utakuta fuwele, metali, sumaku, kioo, heliamu kiowevu, fuwele owevu za kwenye skrini, jeli, plastiki, hata povu la sabuni.

Wanaowekwa pamoja hapa wanafanana kwa jambo moja. Gramu 1 ya chumvi ina ioni takriban 2×10²², na sifa tunazozijali hazimo ndani ya ioni yoyote peke yake. Atomi moja ya dhahabu haina rangi ya dhahabu, haina kiwango cha kuyeyuka, wala haina ukinzani wa umeme. Vitu hivyo huzaliwa atomi zinapokuwa nyingi na zikapangika namna fulani. Grafiti na almasi ni kaboni tupu zote mbili. Ya kwanza unaandikia na inapitisha umeme, ya pili inakata kioo na haipitishi. Kilichobadilika ni mpangilio tu.

Swali: Waya wa shaba ukipata joto, ukinzani wake unapanda. Thamista (kipande kinachopima joto kwa ukinzani wake) ikipata joto, ukinzani unashuka. Vyote vinapitisha umeme. Kwa nini vinakwenda kinyume? (Fundi wa vifaa vya umeme)

Jibu: Ukinzani unategemea mambo mawili: elektroni zilizo huru kutembea ni ngapi, na kila moja inakwenda umbali gani kabla ya kuchepushwa. Joto linagusa jambo la pili katika shaba, na jambo la kwanza katika nusu-kipitishi.

Shaba ina elektroni huru 8.5×10²² katika kila sentimita ya ujazo, yaani moja kwa kila atomi, na idadi hiyo haibadiliki ukiipasha. Hapa kuna jambo ambalo wengi huligeuza: elektroni haizuiwi na atomi zilizopangika. Elektroni ni wimbi, na wimbi hupita katikati ya safu zilizonyooka bila kupoteza kitu. Kinachoichepusha ni kasoro, yaani atomi ya uchafu, mahali palipokosa atomi, au mtikisiko wa atomi zenyewe. Joto likiongezeka mtikisiko unaongezeka. Kwa shaba ongezeko ni kama 0.0039 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, kwa hiyo waya wa ohmu 10 kwenye nyuzi 20 utasoma takriban ohmu 13.1 kwenye nyuzi 100. Ukiupoza hadi karibu kelvini 4, mtikisiko karibu wote unaisha na unabaki na ukinzani wa uchafu na kasoro peke yake. Ndiyo maana maabara hugawanya ukinzani wa nyuzi za kawaida kwa ule wa baridi kali ili kujua metali ni safi kiasi gani.

Silikoni safi, ambayo ni nusu-kipitishi, iko kwingine kabisa. Ili elektroni iwe huru lazima ivuke pengo la nishati la elektronivolti 1.12, wakati joto la chumbani linatoa kadiri ya 0.026 tu. Zinazobahatika ni chache mno: kama 10¹⁰ kwa sentimita ya ujazo yenye atomi 5×10²². Hiyo ni elektroni moja kwa atomi trilioni 5. Joto likipanda wanaobahatika wanaongezeka haraka, karibu maradufu kwa kila nyuzi 9 katika halijoto ya kawaida, na ongezeko hilo linafunika kabisa usumbufu wa mtikisiko. Weka atomi moja ya fosforasi kwa kila atomi milioni za silikoni, nawe umeongeza elektroni huru mara milioni 5. Lakini angalizo: silikoni iliyotiwa fosforasi namna hiyo, katika halijoto ya kazi ya kila siku, ukinzani wake *hupanda* na joto kama metali, kwa sababu elektroni za fosforasi zote zimeshakuwa huru na hazina pa kuongezeka.

Thamista yako si silikoni. Mara nyingi ni oksidi za manganizi, nikeli na kobalti, ambamo elektroni huruka kutoka ioni hadi ioni, na joto ndilo linaloisaidia kuruka. Ile ya kiloohmu 10 kwenye nyuzi 25, yenye thamani ya B (namba ya mtengenezaji inayoonyesha ukinzani unashuka kwa kasi gani) ya 3950, itasoma kama kiloohmu 3.6 kwenye nyuzi 50. Ikikupa nyuzi moja zaidi ya kipimajoto cha kuaminika, angalia kwanza unaipimaje. Volti 5 moja kwa moja juu ya kiloohmu 10 ni miliwati 2.5, na shanga ndogo iliyo hewani hujipasha kwa kiasi hicho kama nyuzi moja. Punguza volteji, au iwashe kwa muda mfupi wa kusoma tu.

Swali: Vitabu vinasema nafasi kati ya safu za atomi za chumvi ni nanomita 0.282. Waliipimaje? Naweza kuwaonyesha wanafunzi bila mashine ya eksirei? (Mwalimu wa fizikia)

Jibu: Unaweza kuwaonyesha kanuni yenyewe kwa CD moja na kalamu ya leza nyekundu. Ni kanuni iliyofunguliwa na jaribio la Max von Laue na wenzake mwaka 1912, kisha ikanyooshwa na akina Bragg, baba na mwana: wimbi likipiga mistari yenye nafasi sawa, linarudi kwa nguvu katika pembe chache tu, na pembe hizo zinataja nafasi ya mistari. Sharti ni urefu wa wimbi usipishane mno na nafasi inayotafutwa. Mwanga mwekundu una nanomita 650; mifuo ya CD imepishana nanomita 1,600. Atomi zinataka wimbi fupi zaidi, na mrija wa eksirei wenye shaba hutoa la nanomita 0.15406.

Toboa tundu dogo katikati ya kadibodi pana na upitishe leza humo. Simamisha CD sentimita 30 mbele yake, upande unaong'aa ukiitazama kadibodi. Piga leza kushoto au kulia kwa tundu la katikati ya CD, kimo sawa nalo, maana hapo mifuo imesimama wima na madoa yatatawanyika kwa mlalo. Geuza CD kidogo kidogo mpaka doa la kati lirudi kwenye tundu lilikotoka. Utaona madoa mawili, kila moja kama sentimita 13.3 kutoka tundu, na mengine hafifu karibu sentimita 42. Gawanya 13.3 kwa 30, tafuta pembe kwa tanjenti (karibu digrii 23.9), chukua sine yake (0.405), kisha gawanya 650 kwa hiyo. Utapata takriban nanomita 1,600.

Makosa yanayojirudia ni matatu. La kwanza ni kuchukua 13.3 gawanya kwa 30 kana kwamba ndiyo sine. Pembe si ndogo hapa, na jibu litashuka hadi karibu 1,460. La pili ni CD iliyoinama: dalili yake ni doa la kushoto kuwa mbali kuliko la kulia. Usichukue wastani ukaendelea, nyoosha CD. La tatu limo kwenye kalamu yenyewe, kwa kuwa nyingi huandikwa tu nanomita 630 hadi 680, na hapo huwezi kudai usahihi wa asilimia moja. Tumia leza isiyozidi miliwati 5, na wanafunzi wote wakae nyuma ya kadibodi, kwa sababu madoa yanayorudi nayo ni leza.

Weka DVD mahali pa CD. Mifuo imebanana hadi nanomita 740, doa la kwanza linakimbilia sentimita 55, na la pili halipo kabisa kwa sababu sine yake ingetakiwa kuzidi 1. Wanafunzi wakiona kwamba mistari ikibanana madoa yanatawanyika, wameshaielewa eksirei.

Kwenye chumvi, pembe hupimwa kutoka kwenye safu za atomi, na kanuni inasema urefu wa wimbi ni sawa na mara mbili ya nafasi mara sine ya pembe. Gawanya 0.15406 kwa 0.564: sine ni 0.273, pembe ni digrii 15.9, na kigunduzi, kinachosoma pembe maradufu, kitaonyesha kilele kwenye 31.7. Wenye mashine wasage chumvi iwe laini kabisa. Punje zake ni vijisanduku, zikilala zote kwa tumbo kilele hicho kinakuwa kirefu kupita haki yake na vingine vinafifia. Sampuli iliyozama milimita 0.1 chini ya ukingo wa kishikizo husogeza vilele kwa karibu digrii 0.05. Ukichanganya unga kidogo wa silikoni, kilele chake cha 28.44 kitakuambia umepotoka kiasi gani.

Swali: Ni kweli kioo ni kiowevu kinachotiririka polepole, ndiyo maana madirisha ya kale ni manene upande wa chini?

Jibu: Si kweli. Mnato wa maji ni kama paskali-sekunde 0.001. Kioo cha dirisha kikipoa na kufika karibu nyuzi 550 za Selsiasi, mnato wake tayari ni kadiri ya 10¹², na kwenye joto la chumbani umepanda mno kiasi kwamba umri wa jengo lolote ni kufumba na kufumbua. Unene wa upande mmoja ulitoka kwa mafundi: kioo kilipulizwa na kuzungushwa kikawa sahani isiyo sawa, kikakatwa, na aliyekipachika akachagua upande wa kuweka chini. Kilicho kweli ni kwamba kioo hakina mpangilio wa mbali. Kila atomi inawajua majirani zake wa karibu, zaidi ya hapo ni vurugu. Kwenye eksirei hakitoi vilele vyembamba, hutoa kichuguu kimoja kipana.

Swali: Tumetengeneza kidonge cha YBCO, kigae ambacho kikipozwa sana huwa superkonda, yaani hupoteza ukinzani wote na kuifukuza sumaku. Juu kina madoa ya kijani, hakiinui sumaku, na multimita inasoma ohmu 0.4 hata ndani ya naitrojeni kiowevu. Tumekosea wapi? (Wanafunzi wa maabara ya chuo)

Jibu: Mna matatizo matatu tofauti. Tuyatenganishe, kwa sababu multimita inawadanganya bila kujali kidonge kikoje.

Tuanze na vipimo. Kwa gramu 5 za YBa₂Cu₃O₇ mnahitaji gramu 0.847 za oksidi ya itriamu, 2.962 za kaboneti ya bariamu na 1.791 za oksidi ya shaba. Jumla ni 5.600. Kaboneti ni sumu: glavu, barakoa, na mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Sageni pamoja kwenye kinu cha akiki si chini ya dakika 20, hadi rangi iwe moja, kisha chomeni kwenye chombo cha alumina kwa nyuzi 920 za Selsiasi saa 12. Toeni, sageni tena, chomeni tena. Mara mbili zaidi ni bora. Kila mara *pimeni uzito*. Kabonidioksidi ikitoka yote, unga unabaki kati ya gramu 4.94 na 5.00, ukiondoa kilichobaki kwenye kinu. Mkikuta 5.2, kaboneti bado imo na hakuna haja ya kwenda hatua inayofuata. Kipimo hiki cha mizani hakigharimu chochote, na ndicho kinachorukwa zaidi.

Madoa ya kijani ni Y₂BaCuO₅, ndugu yake asiye superkonda. Hutokea mchanganyiko usipokuwa sawa, au tanuri likipita nyuzi 1,000 na kidonge kuanza kuyeyuka. Msiamini namba ya mlangoni mwa tanuri. Wekeni kipimajoto cha pili karibu na sampuli. Unga wa kijani ukiwa kidogo unaweza kusagwa na kuchomwa upya. Kidonge kilichoyeyuka na kushikamana na chombo tupeni kwa utaratibu wa taka za sumu.

Kutoinua sumaku kuna sababu kubwa moja: oksijeni. Kwenye nyuzi 940 mchanganyiko huu unapumua oksijeni nje. Oksijeni ikiwa karibu na 7 katika fomula, halijoto ya mpito, ambapo usuperkonda unaanza, ni kama kelvini 92. Ikishuka hadi 6.6 mpito unakuwa karibu 60, chini ya naitrojeni inayochemka kwa 77. Chini ya 6.4 hivi hakuna superkonda kabisa. Kwa hiyo mkiisha kukibana kidonge (kwa kalibu ya milimita 13, tani 3 hadi 5 zinatosha) na kukichoma kwa 940 saa 12 au zaidi, kipozeni nyuzi moja kwa dakika hadi 450 huku oksijeni ikipita, na kikae hapo saa 12 nyingine. Anayefungua tanuri mapema ili aondoke anakwenda na kigae cheusi. Kidonge kilichokosa oksijeni hakijaharibika. Kirudisheni kwenye 450 na oksijeni, kitanyonya. Baadaye kihifadhini pakavu na jeli ya silika, maana unyevu hukila.

Sasa multimita. Ohmu 0.4 ni ya nyaya na viunganishi vyake. Ukipima kwa ncha mbili huwezi kamwe kuona sifuri. Kateni kijiti cha milimita 2 kwa 2, bandikeni nyaya nne kwa gundi ya fedha: mkondo upite kwenye mbili za nje, volteji isomwe kwenye mbili za ndani zilizoachana milimita 8. Kabla ya mpito kijiti cha namna hii huwa na kadiri ya miliohmu 20, hivyo mkondo wa miliampea 10 unatoa maikrovolti 200. Kifaa kisichoona maikrovolti 1 hakifai. Geuzeni mwelekeo wa mkondo kila mnaposoma, toeni somo moja kwa lingine na mgawanye kwa mbili. Tofauti za joto kwenye nyaya huzalisha volteji ndogo zisizohusiana na mkondo, na ugeuzaji huu unazifuta. Kipimajoto kigusane na kijiti chenyewe. Kikining'inia kando, mtaona mpito kwenye joto moja mkipoza na kwenye lingine mkipasha.

Naitrojeni: chumba chenye hewa ya kutosha, kinga ya macho, na chombo kisizibwe kamwe, kwa kuwa ikigeuka gesi hutanuka karibu mara 700.

Swali: Mbona ile LK-99 ya mwaka 2023 iliyoelea kwenye video haikukubaliwa?

Jibu: Kwa sababu kuelea nusunusu, upande mmoja ukigusa sumaku, kunaweza kufanywa na usumaku wa kawaida. Watafiti wa Korea Kusini walitangaza Julai 2023 kwamba apatiti ya risasi iliyotiwa shaba ni superkonda hata juu ya joto la chumbani. Ukinzani ulishuka ghafla karibu nyuzi 104 za Selsiasi, na hapo ndipo wakemia walipoinua nyusi: salfaidi ya shaba, Cu₂S, hubadili muundo wake kwenye halijoto hiyo hiyo, na ilikuwamo ndani ya sampuli kama uchafu. Fuwele safi zilipooteshwa zilitoka angavu, na zilikuwa kihami, yaani hazikupitisha umeme. Kwa dai lolote la aina hii dai mambo mawili kwa pamoja: ukinzani uliopimwa kwa ncha nne ukafika kwenye kelele ya kifaa, na sampuli kuufukuza uga wa sumaku inapopozwa *ikiwa tayari ndani ya uga*, jambo ambalo Meissner na Ochsenfeld walilionyesha mwaka 1933. Kipitishi kisicho na ukinzani tu kingeuacha uga ukae ndani.

Swali: Nimekokotoa silikoni kwa Quantum ESPRESSO (programu ya nadharia ya densiti ya elektroni), nikitumia kadirio liitwalo PBE. Pengo la nishati limetoka 0.6, kitabu kinasema 1.12. Nimeongeza usahihi wote, halibadiliki. Kosa liko wapi? (Mwanafunzi wa uzamili)

Jibu: Halipo kwako. Nadharia ya densiti ya elektroni, iliyojengwa na Hohenberg na Kohn mwaka 1964 kisha Kohn na Sham mwaka 1965, imeahidi densiti na nishati ya hali ya chini kabisa. Pengo ni swali la kuongeza elektroni moja na kuondoa moja, na makadirio kama PBE yanalijibu kwa kupunja, mara nyingi karibu nusu. Vitu vingine yanavipata vizuri: upande wa kijisanduku cha silikoni utatoka kama nanomita 0.547, na maabara inasema 0.543. Ukilitaka pengo lenyewe, njia mseto kama HSE au ile ya GW hukaribia thamani ya maabara, kwa muda wa kompyuta mrefu zaidi mara nyingi.

Ungepata namba nyingine tungekuwa na mashaka. Ukipata karibu 2.5, umesoma pengo la wima kwenye kitovu cha mchoro wa bendi (makundi ya ngazi za nishati), Γ, wakati chini ya bendi ya juu kuko kama asilimia 85 ya njia kuelekea ukingoni, X. Mtandao mpana wa pointi hurukia mahali hapo, kwa hiyo chora bendi kwa njia yenye pointi nyingi. Programu isipotaja pengo kabisa, huenda imekokotoa bendi 4 zilizojaa tu. Weka nbnd, yaani idadi ya bendi, iwe 8. Na kupima usahihi kufanyike kwa nishati ya jumla, mpaka nyongeza yoyote ya kikomo cha nishati au ya mtandao isiisogeze zaidi ya mili-elektronivolti 1 kwa atomi.

Swali: Nataka kuingia kwenye fani hii. Nianze na grafini, lile tabaka moja la atomi za kaboni? (Mwanafunzi wa mwaka wa pili)

Jibu: Usianze na grafini. Aljebra ya matriki, mfululizo wa Fourier, makanika ya kwanta na fizikia ya takwimu, kwa utaratibu huo, ndizo ngazi. Kemia kidogo itakuokoa maabara. Lakini huna haja ya kungoja miaka mitatu kuiona bendi ya nishati. Unaweza kuizalisha wiki hii kwa Python.

Chora pete ya atomi 10. Tengeneza matriki ya 10 kwa 10 yenye sifuri kila mahali, isipokuwa weka −1 kwa kila jozi ya majirani, pamoja na atomi ya kwanza na ya mwisho, ambazo ni majirani kwa kuwa ni pete. (Ukisahau jozi hiyo ya mwisho umepata mnyororo uliokatika na namba zitatofautiana, ndilo kosa la kwanza la karibu kila mtu.) Tafuta thamani zake maalumu (eigenvalues), ambazo ndizo ngazi za nishati. Utapata −2, kisha −1.618 mara mbili, −0.618 mara mbili, 0.618 mara mbili, 1.618 mara mbili, na 2. Kila atomi ilete elektroni moja. Kila ngazi inabeba mbili. Hivyo ngazi tano za chini zinajaa, na juu yake pana pengo la 1.236.

Ongeza atomi ziwe 102. Pengo linaanguka hadi karibu 0.123. Ziwe 1,002, ni 0.0125. Ngazi zimebanana hadi elektroni ya juu kabisa inapanda bila gharama inayoonekana, na hiyo ndiyo metali.

Sasa rudi kwenye 102 na ubadilishe kitu kimoja: viungo visiwe sawa. Kimoja −1.2, kinachofuata −0.8, kwa zamu, kuzunguka pete nzima, kana kwamba atomi zimesogeleana mbili mbili. Kokotoa, kisha ongeza hadi 1,002. Safari hii pengo linagoma kwenye 0.8 na halishuki zaidi hata ukiongeza atomi kiasi gani. Atomi ni zile zile, elektroni ni zile zile, na ulichonacho sasa ni kihami. Rudolf Peierls alionyesha kwamba mnyororo wa aina hii, ukiachwa wenyewe kwenye baridi ya kutosha, hujipanga mbili mbili bila kusukumwa na mtu. Kazi ya nyumbani ni kujumlisha ngazi zilizojaa katika pete zote mbili, za viungo sawa na za viungo vya zamu, na kuona ni ipi yenye jumla ya chini.